Saumu na Mashine ya Kadi

Hapana, sikuwa nimevimbiwa. Wali nilionja vijiko viwili tu, na homa sina, nishikeni paji la uso. Nasema mapema maana nawajua: mtu mzima akisema kaota, mnatafuta alichokula.

Alasiri ile nilijilaza mkekani nimefura. Mkwe wangu Rehema, mke wa mwanangu Bakari, alikuwa kaniletea habari za mashine ya kuskani kadi. Mnajua mimi ni mpishi wa shughuli: pilau la harusi, chakula cha mikutano ya maofisini. Kila bwana mkubwa akishalamba vidole ananipa kadi yake yenye jina na namba, "Maama, tutakutafuta!", sauti inatokea tumboni. Kadi zimejaa kopo zima la samli. Rehema anataka zote ziingie kwenye simu.

Basi akanikalia pale na ile sauti yake ya mtangazaji wa redio: "Mama, ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kimashine, unakisukumia kadi, kinaimeza, kinaitoa upande wa pili. Ya pili ni simu tu. Unaipiga kadi picha, jina na namba vinajiandika vyenyewe."

"Vinajiandika wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu ya nani?"

"Yangu, Mama. Yako ya tochi haina kamera."

Ahaa! Nikasema kimoyomoyo, bibi huyu anataka wateja wangu. Namba zikishahamia kwake, mimi nitabakishiwa kuchagua mchele.

Nikafumba macho. Nikajiona niko jikoni, moshi wa kuni umetanda, na Saumu kachuchumaa anapuliza moto. Saumu shoga yangu, niliyepika naye miaka yote ile, tukamzika mwaka juzi. Wala sikushtuka.

"Unapuliza kama mwenye pumu," nikamtania.

"Si ndiyo iliyoniua," akasema.

Nacheka. Mara jiko si jiko tena, ni duka lina feni, vimashine vimepangwa juu ya kioo. Muuzaji hana uso, ana tai tu. "Karibuni, karibuni, hii inasoma kila kitu!" Saumu anatoa kadi kifuani, anaisukumia mashine. Kadi yenyewe ina alama ya kidole cha manjano. Manjano tulipaka sisi wenyewe, maana kati yetu hakuna aliyeona mlango wa shule. Ya manjano ni mtu wa pilau. Yenye tundu la kijiti ni mlalamishi, chumvi kwake haijapata kutosha. Iliyokatwa pembe, huyo umpelekee samaki, nyama hali.

Kadi inatokea upande wa pili. Kwenye kioo cha mashine naona maandishi tu, nyuma yake nyeupe pee.

"Manjano yako wapi?" nauliza.

"Uchafu tumeutoa, mama," anasema mwenye tai.

Uchafu! Moyo wangu ukatulia tuli. Nikamnong'oneza Saumu, "Basi Rehema na achukue majina. Nani anakula nini hatajua, na mimi simwambii."

Saumu hacheki. Saumu, aliyekuwa anacheka hata msibani, ananitazama tu.

Tuko chumbani kwake sasa, chumba alichofia, kitanda kimetandikwa. Rehema naye yumo, kashika simu, anasoma: "Mama, inauliza kadi hizi ni za nani. Niandike jina la mwenyewe."

"Andika langu," nasema haraka. "Langu peke yake."

Saumu anaweka mkono juu ya kioo cha simu. Mkono una majivu. Ananiambia neno polepole, hana hata hasira, na neno hilo likanitoa usingizini kama niliyesukumwa.

Jua bado lilikuwa uani. Rehema kasimama mlangoni: "Mama, umeamua? Kimashine au simu?"

"Simu," nikasema. "Hicho kimashine kadi zangu zina samli, zitakwama kooni. Na niachie mahali pa kuandika kando, nitakutajia kila mtu anakula nini. Lakini kwanza nenda kamwite Zaina."

"Zaina yupi? Wa maandazi?"

"Huyo huyo. Binti wa Saumu. Aje, kadi tuzigawe nusu kwa nusu."

"Heee! Zaina kadi zinamhusu nini, Mama?"

Nilitaka kumwigiza ile "heee" yake, nikaacha. Nikamrudishia maneno ya Saumu kama yalivyo:

"Shoga, unamwogopa mkwe asikuchukulie wateja. Wangu mimi uliwachukua wote kabla matanga hayajaanuliwa."