Dereva Mbaya wa Kasuku

Usukani ule niliutambua kwa mikono kabla ya macho. Ulikuwa juu ya meza ya chakula ya mjane wa jirani yetu wa zamani, hapa Kasuku, mtaa mmoja wa mji wa Kindu, umeng'olewa pamoja na sanduku lake la bati, nyaya zake zimeingizwa kwenye kompyuta. Nilipoushika, kidole gumba cha kushoto kikaenda chenyewe kwenye ufa mdogo, ule uliokuwa ukitubana ngozi tulipokuwa watoto. Nimesahau nyuso nyingi za Kindu, rafiki yangu, lakini ngozi haikusahau ufa.

Aliyeniita ni fundi mmoja kijana anayetengeneza simu karibu na soko. Moyo wake wote uko kwenye mashine za mchezo za zamani. Anatoa chipu zake, anasoma kilichomo kabla hakijaoza, kisha anakiweka kwenye kompyuta, ndani ya programu inayojifanya kuwa mashine yenyewe. Wako wenzake katika nchi za mbali wanaofanya hivyo hivyo, nao wamemwambia kwamba mchezo wetu wa jeep ni adimu, haujapatikana kwingine ukiwa mzima. Alikuwa amebakiza jambo moja tu.

"Yaya, picha iko sawa, sauti iko sawa," aliniambia, akiniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu. "Lakini jeep inavutaka kuume. Kila nikifika kwenye daraja, inaanguka mu mai ya muto. Ni majuma matatu ninatafuta kosa mu kopi yangu. Weye njo ulikuwa unaendesha. Zamani ilikuwa inavutaka?"

Nilikaa kitako. Mjane alikuwa jikoni, namsikia akitwanga sombe, majani ya mihogo.

"Ilivuta," nikamjibu. "Lakini si tangu mwanzo. Ilianza siku moja."

Ngoja nikupeleke kwenye siku hiyo.

Mashine ilifika Kindu kwa treni kabla ya vita, kutoka hoteli moja ya kusini iliyofungwa. Ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi, na benchi la kukalia wawili. Upande wa kushoto kulikuwa na usukani na pedali. Upande wa kulia, bunduki nzito iliyofungwa kwenye chuma, ikitetemesha mabega ya anayeipiga. Mmoja aendeshe, mwingine aue, ndivyo ulivyokuwa mchezo. Jeep ilikimbia katika mji wa mchanga, malori yakilipuka, vifaru vikiungua, watu wadogo kama siafu wakirushwa hewani. Mwisho wa barabara palikuwa na daraja jembamba juu ya mto. Ukilivuka, umeshinda.

Jirani yetu, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, aliiweka dukani mwake katikati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Aliiwasha kwa kugusisha nyaya mbili, na kila mara cheche iliporuka tulipiga kelele kana kwamba ni muujiza. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Upande wa pili wa ua, bibi yangu alitwanga mpunga, na pigo la mchi wake liliingia ndani ya milio ya bunduki mpaka hukujua kipi kinakufukuza. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya mawese yakichemka, kichwani mwangu kuna kifaru kinachoungua.

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyemfikia kwa usukani. Miguu yake ilikuwa mifupi, haikugusa pedali. Jirani akachonga vibao viwili, akavifunga juu ya pedali kwa mpira wa ndani wa baiskeli. "Haya, kijana, endesha sasa," akamwambia. Kaka akaendesha. Nilikaa upande wa bunduki, nikiwa na miaka tisa, nikaua watu wengi sana kwa furaha.

Kisha wakaja wenye bunduki za kweli. Walipoingia mjini tulilala siku mbili chini ya kitanda, bibi ametufunika kwa godoro, na risasi zikipita juu ya bati kama mtu anayemwaga mchele. Tulipotoka, njiani kuelekea sokoni kulikuwa na watu wamelala kifudifudi, na mbwa mmoja hakutaka kuondoka kwa mmoja wao. Juma halijaisha, askari wakagundua duka la jirani. Walitoka kuua wakaja kucheza kuua. Waliegemeza bunduki zao kwenye magunia ya chumvi, wakagombania ile ya mchezo. Hakuna hata mmoja aliyetaka usukani. Usukani ulikuwa kazi ya watoto.

Komanda wao alikuja kila mchana. Alipiga bunduki akicheka kwa sauti nyembamba, kama anayetekenywa, na kila mara kaka alimvusha daraja. Siku moja komanda alimshika kisogo, akamtikisa kwa upendo.

"Weye mutoto unapita dereva yangu! Yule ni mulevi. Kesho utaendesha ya kweli."

Asubuhi wakaja wawili. Bibi alimng'ang'ania kaka kwa shati. Walimpiga bibi kitako cha bunduki kifuani, akaanguka, na kifungo cha shati kikabaki kiganjani mwake. Kabla ya kuondoka walipita dukani, wakafungua vile vibao viwili kwenye mashine, wakaenda kuvifunga kwenye pedali za gari lao.

Nikuambie ukweli? Nilimwonea wivu. Kwa siku chache alipita mbele ya nyumba yetu akiendesha pickup iliyojaa askari, kichwa chake kikionekana kidogo tu juu ya usukani, akapiga honi mara mbili kwa ajili yangu. Halafu wakashika njia ya Kalima.

Pickup ilirudi bila yeye. Waliiosha ukingoni mwa mto Lualaba, pale wanawake walipoloweka mihogo. Maji yaliyotoka ndani ya gari yalikuwa na rangi, na wanawake wakaopoa mihogo yao, wakaondoka. Bibi alikwenda na beseni kama anayefua. Akachungulia. Vibao bado vilikuwa vimefungwa kwenye pedali, na kandambili moja ya kaka ilikuwa imegandia juu ya kimoja. "Alibakia mu njia," askari mmoja akamwambia, na kuendelea kusugua.

Hayo bibi alinisimulia vita vilipokwisha. Siku ile alirudi, akapika wali, akaniambia kaka yuko Kalima, kazi ni nyingi, atakuja.

Basi mimi nikaamua kumfuata.

Baada ya kaka, mimi ndiye niliyekuwa dereva bora wa mtaa. Nilimwendea askari mmoja mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamwambia: "Semea komanda, dada ya yule dereva anajua pia." Askari akanitazama juu mpaka chini, akacheka. "Kesho mchana," akasema. Nikarudi nyumbani nikajisifu kwa bibi. Hakunipiga. Aliacha mchi ndani ya kinu, akaenda kwa jirani. Kupitia ua nilisikia sauti yake chini chini, na maneno aliyozoea kusema juu ya panga, treni na bunduki: "Chuma hakina mama." Jioni ile duka lilifungwa mapema.

Kesho yake nilisuka nywele. Nilikaa kwenye ncha ya benchi ili vidole vya miguu viguse pedali, maana vibao havikuwapo tena. Komanda akakaa kulia kwangu, jasho lake likinuka tumbaku. Jirani akagusisha nyaya.

Tangu kona ya kwanza mikono yangu ilinikataa. Usukani ulikuwa mzito, ukivuta kulia. Nilivuta kushoto, ukarudi. Niliuma midomo, nikasimama, nikauning'inia kwa uzito wote wa mwili wangu, na jeep ikakaribia daraja ikitetereka. Kisha ikateleza kulia, ikatumbukia mtoni. Komanda alicheka. Mara ya pili ikatumbukia. Mara ya tatu hakucheka. Alinizaba kofi nikaanguka kwenye chumvi, sikio likilia kama jenereta.

"Dereva mubaya wa Kasuku!" akapiga kelele, na askari wakarudia wakishangilia. "Dereva mubaya! Dereva mubaya!" Kisha akamgeukia jirani. "Umefanya nini mashini?"

"Mukubwa, mashini iko muzima," jirani akasema, akitazama chini. "Ni mutoto njo hajui."

Hilo neno, rafiki yangu, lilinichoma kuliko kofi. Yeye aliyeniona nikivuka daraja mara mia. Vibao vyake ndivyo vilivyompeleka kaka kwenye gari, nikawaza, na mimi ananiacha.

Komanda hakumwamini, au labda alitaka tu kupiga mtu. Wakamlaza juu ya magunia, wakampiga kwa mkanda wa injini. Shati likapasuka kwanza, kisha mgongo. Chumvi ilikuwa imemwagika kila mahali na aliporushwa sakafuni ikamwingia, akatoa sauti ambayo sikujua mwanamume mzima anayo. Mke wake alisimama mlangoni, mikono kichwani.

Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nina damu mdomoni, na nilicheka kwa sauti ili anisikie.

Hawakuniita tena. Kila mtoto aliyejaribu baada yangu alitumbukia mtoni, na askari wakachoka. Mashine ikafunikwa gunia. Jirani alipopona alianza tena kusukuma bidhaa kwa baiskeli, na alipoipanda alikaa amelalia upande mmoja, kama mtungi ulioinama. Tulidhani ni mgongo. Tulimkimbilia nyuma tukimwita "Papa Upande! Papa Upande!" Nilikuwa wa kwanza kuita. Alipiga kengele ya baiskeli, akapita.

Niliondoka Kindu nikiwa na imani moja tu juu ya nafsi yangu: kwamba siku niliyohitajiwa, mikono yangu ilinisaliti. Hata bibi aliponiambia kilichokuwa ndani ya ile pickup, hata nilipoelewa kwamba kushindwa kuliniokoa, nilidhani niliokolewa na udhaifu wangu. Si jambo zuri kuishi nalo.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kidole kimesimama juu ya kompyuta.

"Yaya," akasema polepole, "kama ilianza siku moja, basi haiko mu chipu. Chipu haigeukake siku moja."

Akachukua bisibisi na kuligeuza lile sanduku la bati lililo chini ya usukani. Hakuwa amelifungua, alisema, aliogopa kulivunja. Kifuniko kikatoka na kutu. Ndani, kati ya mti wa usukani na pembe ya sanduku, kulikuwa na springi nene, nyeusi, imefungwa kwa waya uliopindwa vizuri kwa koleo. Ilikuwa imevutika, bado inafanya kazi. Ilikuwa springi ya kiti cha baiskeli.

Kiti cha baiskeli kina springi mbili. Ukitoa moja, mpandaji atainama upande mmoja.

Sijui nilisema nini. Mjane alitoka jikoni na mchi mkononi, akaja akaangalia ndani ya sanduku, kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala.

"Njo iko humu," akasema. "Alikataa kununua ingine. Mpaka anakufa, alikalaka upande. Alikuwa anasemaka: ule wa kwanza nilimupeleka na vibao vyangu. Wa pili hawatamupata."

"Mama," nikamwambia, "siku walimpiga, nilicheka."

"Nilikuona."

"Na yeye?"

"Naye alikuona." Alifuta sombe kwenye mchi kwa kidole. "Usiku ule namukanda mugongo, nilitukana bibi yako, nilikutukana weye. Akaniambia: mama, muache acheke. Ule anacheka hajakufa."

Fundi alikohoa. Alikuwa na bisibisi mkononi na swali ambalo hakupenda kuliuliza. Kopi, alisema, inapaswa kuwa kama mchezo ulivyotoka kiwandani, ndivyo wenzake wanavyotaka. Je, aitoe springi?

Nilimuuliza kama nguvu ya springi inaweza kupimwa. Akasema ndiyo, inaweza kupimwa na kuandikwa ndani ya programu, hata usukani huu ukija kuoza. Basi pima, nikamwambia. Wapelekee wenzako ile ya kiwandani, ni haki yao. Lakini na hii ya Kindu iwepo, na usiiite kosa.

Akaanza kupima, akiandika namba kwenye karatasi ya sigara. Nje, pale palipokuwa na duka, sasa kuna vijana wa pikipiki wanaosubiri abiria. Kinu cha bibi hakipo, jenereta haipo, ua umekuwa ukuta wa matofali. Hata harufu ya chumvi imekwenda. Kaka yangu hana kaburi ninaloweza kulipalilia. Kuna barabara tu, ya Kalima, na malori yanapita juu yake. Vibao sijui viliishia wapi, labda vilichomwa jikoni kwa mtu. Kilichobaki ni kipande cha chuma kilichokaa gizani miaka yote hii kikivuta kulia, bila mtu wa kukishukuru.

"Jaribu," fundi akasema.

Nikakaa. Mjane akavuta kiti, akakaa upande wa kulia, palipokuwa pa bunduki, mchi mapajani. Jeep ikaondoka. Malori yalilipuka, siafu wale wakarushwa hewani, na hatukupiga risasi hata moja. Daraja likaja. Usukani ukavuta, na safari hii sikushindana nao. Nikauacha. Jeep ikageuka kulia kwa upole, ikaingia mtoni, na kioo kikaanza kuhesabu kuanzia kumi kikiuliza kama nataka kuendelea.

"Dereva mubaya," mjane akasema, akanigonga goti.

Tulikaa hapo tukaiacha ihesabu mpaka sifuri.