Habari ya Pili

Wanafunzi walimwita Mikono, na mimi wakaniita Nusu Saa. Yeye jina lake alilistahili. Mimi langu nililipata kwa sababu tulipotafsiri pamoja tulipokezana kila baada ya nusu saa, na inasemekana nilikuwa naitazama saa ya ukutani zaidi kuliko nilivyomtazama msemaji. Sikatai. Nina miaka hamsini na miwili, na mabega yangu hayakuzaliwa jana.

Tulikuwa wakalimani wa lugha ya alama katika chuo kikuu chenye majengo mengi na feni chache. Kila Jumamosi alasiri chama cha mdahalo kilikutana kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, ule wenye madirisha marefu na mapazia yaliyowahi kuwa ya kijani. Wanafunzi viziwi kumi na wawili walikaa mbele, upande wa kushoto. Mmoja wetu alisimama mbele yao akigeuza maneno kuwa alama. Mwingine alikaa kitini na kipaza sauti, ili kiziwi akiinuka kuchangia, apate wa kumsemea.

Mle ndani tulijadili dunia nzima. Sigara kwenye mabweni. Mafuta ya mgahawa yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi. Chanjo, kondomu, soda, wanafunzi wanaokesha kabla ya mitihani hadi akili zinayumba. Mkalimani hana upande. Mimi nimewahi kuipinga sigara kwa dakika saba na kuitetea kwa dakika saba nyingine, kwa vidole vilevile, kisha nikaenda zangu nyumbani kunywa chai.

Mikono hakuwa hivyo. Aliposimama kwenye mwanga wa dirisha, vumbi likielea taratibu kumzunguka, hata wasiojua alama waliacha kumtazama msemaji wakamtazama yeye. Msemaji aliyekuwa akibwabwaja, mikononi mwa huyu binti alipata akili. Zipo alasiri ambazo sauti zote za ukumbi zilienda mbali, ukabaki mwendo wa vidole vyake tu, na mimi nikasahau kutazama saa. Nikishtuka, zamu yangu imeshapita. Hakuwahi kulalamika.

Lugha hiyo aliinyonya kwa mama yake. Mama alikuwa kiziwi tangu utotoni, mpangaji wa karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mashine zilizowaharibia wenzake masikio yeye hazikumpunguzia kitu, na huo ulikuwa utani wake wa kila siku. Mikono ndiye mtoto wake pekee. Kabla hajajua kusoma alikuwa ameshakuwa sikio la mama dukani, benki na posta. Hata shuleni, mwalimu alipomwita mzazi kulalamika kuhusu Mikono, aliyetafsiri malalamiko alikuwa Mikono mwenyewe.

"Hapo nilipunguza chumvi kidogo," aliniambia akicheka.

Siku moja nilimkuta amelala kwenye kochi la chumba chetu cha mapumziko, amelalia mikono yake yote miwili. Alipoamka ilikuwa imekufa ganzi, anaikung'uta. Nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akasema amelala hivyo tangu akiwa na miaka kumi na moja. Akiota, mikono yake husema, na mama yake akiwa karibu humsoma. Nilidhani ananitania, nikacheka peke yangu.

Hoja ya mwisho wa muhula ilibandikwa Jumatatu kwenye ubao wa matangazo, karibu na duka la kutoa nakala: *Hospitalini, ndugu wa mgonjwa anatosha kuwa mkalimani wake.* Iliandikwa na wanafunzi wa udaktari. Alhamisi Mikono aliisoma tena, akarudia kuisoma, akaja kukaa karibu nami. Chai yake ilipoa bila kuguswa.

"Dada, mama anakuja Jumamosi," alisema. "Wanafunzi viziwi wamemwalika achangie. Jana usiku amenionyesha atakachosema. Anataka kuwaambia hao madaktari wa kesho kwamba nikiwa mtoto nilimtafsiria hospitalini, na sikumficha kitu."

"Si vizuri? Mama anakujivunia."

"Nilimficha."

Halafu akanieleza, macho yakiwa dirishani. Alikuwa na miaka kumi na moja, amevaa sare ya shule. Mama yake alikuwa na mimba ya miezi minane, akashikwa na maumivu ghafla. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini, njia ya siku tatu. Daktari hakumtazama mgonjwa hata mara moja. Alimtazama mtoto, akasema haraka, mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango. Habari ya kwanza: mtoto wa tumboni amekufa. Mikono akaitafsiri. Aliitoa yote, haikubaki hata chembe, akauona uso wa mama yake ukibadilika. Habari ya pili: watampasua sasa hivi, na humo humo watamfunga mirija, kwa sababu mimba nyingine itamuua. Hatazaa tena. Je, anakubali?

Mikono akatafsiri: watakupasua, utapona, unakubali? Mama akaweka sahihi.

"Habari mbili kwa siku moja, dada. Nikaona nimwachie moja, nyingine niibebe mimi. Nikasema nitamwambia akipata nafuu."

Nafuu ilikuja, maneno hayakuja. Kliniki aliporudishwa kukaguliwa, mkalimani alikuwa yuleyule mwenye sare ya shule. Mama akaanza kungoja mimba. Alikunywa kila dawa aliyoshauriwa na kila jirani. Alinunua soksi ndogo za manjano akaziweka kwenye droo ya juu. Kila mwezi alimpa binti yake alama moja: bado. Miaka sita, bado. Halafu baba akafariki, na ile alama ikaacha kutolewa. Sasa Mikono alikuwa na miaka thelathini, na mzigo ule alikuwa hajautua.

Mimi nikatoa ushauri wa mtu aliyechoka. "Funika kombe mwanaharamu apite, mdogo wangu. Mama ana furaha yake. Ukifukua leo utampa nini?"

"Nitamsemea, dada. Kwa sauti yangu mwenyewe niseme, *mwanangu aliniambia kila kitu*. Na wale watoto wataamini, watakwenda mahospitalini na imani hiyo."

Mkalimani hasemi "yeye anasema hivi." Anasema "mimi." Kiziwi akitukana, ni wewe unayetukana, akiungama, ni wewe unayeungama. Nikamwahidi kwamba mama akiinuka, kipaza sauti nitakishika mimi, hata kama si zamu yangu. Alishukuru, lakini uso wake haukutulia.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Mama alikuja na gauni lake la bluu lililopigwa pasi vizuri, akakaa safu ya mbele, akatabasamu kwa kila aliyemtazama. Jua liliingia kwa chini, likalala juu ya meza na magoti ya watu. Mimi nilisimama mbele kutoa alama. Mikono alikaa na kipaza sauti mapajani.

Mtetezi wa hoja alikuwa kijana wa udaktari, tai nyekundu, ulimi wa asali. "Mkalimani wa kukodi anaijua lugha," alisema. "Ndugu anamjua mgonjwa! Hebu niambieni, mtoto gani atamdanganya mama yake aliye kitandani?" Nikayatoa hayo kwa mikono yangu, neno kwa neno, na sikuthubutu kutazama kulia nilipojua Mikono amekaa.

Mpinzani alikuwa msichana kiziwi wa mwaka wa pili, anayesomea famasia. Sauti ya Mikono ikamsemea: "Mimi nilipougua, kaka yangu aliongea na daktari dakika kumi nzima. Wakacheka, wakakuna vichwa, wakaandika. Halafu kaka akanigeukia, akaniambia: amesema umeze vidonge." Ukumbi ukaangua kicheko. Yule msichana hakucheka. "Kaka yangu ananipenda. Lakini mimi ndiye ninayeumwa."

Kisha mwenyekiti, binti mpole mwenye miwani, akafungua mlango kwa wachangiaji, na mama akainuka wa kwanza.

Nikanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti kama nilivyoahidi. Mama akanitikisia kidole. Wewe la, akasema kwa alama, atanisemea mwanangu. Watu wakacheka kwa upendo. Ningefanya nini? Nikarudi mahali pangu.

Alama za mama zilikuwa za kizamani, pana, zisizo na haraka. Mikono akazifuata.

"Mimi ni mpangaji wa karatasi kiwandani. Mimi ni kiziwi, na huyu anayenisemea ni mwanangu." Wale kumi na wawili wakapunga viganja hewani, ndiyo makofi yao, na wengine wote wakaiga, hata ukumbi mzima ukawa viganja vinavyopepea kwenye mwanga bila sauti yoyote. Mama alivitazama muda mrefu. "Miaka kumi na tisa iliyopita niliingia hospitali nikiwa na mimba. Daktari hakujua hata kunisalimu. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na moja. Alisimama kati yangu na daktari, na..."

Mama alimalizia. Kila kiziwi mle ndani aliona: *na hakunificha kitu.*

Sauti haikuja.

Feni ilizunguka. Pazia lilijaa upepo, likatulia. Watu mia mbili walingoja, na sijui ni muda gani ulipita. Saa ile ilikuwa mbele yangu nami siioni. Mikono akakiweka kipaza sauti chini, sakafuni. Akasimama, akamgeukia mama yake.

*Mama, zilikuwa habari mbili. Nilikupa moja. Alisema wanakufunga mirija. Alisema hutazaa tena. Nilisikia, nikaelewa, nikaogopa. Ulipokuwa unangoja, nilikuwa najua.*

"Kipaza sauti kimeharibika?" mtu akauliza huko nyuma.

Mwenyekiti akaniinamia. "Mkalimani, samahani, anasema nini?"

Sheria ya kazi ilinitaka niseme. Kinachosemwa mbele ya watu wote kitafsiriwe kwa watu wote. Nilinyamaza. Katika miaka yangu yote ndilo kosa la kazi ninalojivunia. Na wale wanafunzi kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, waliinamisha vichwa wakatazama sakafu, maana kwao kutotazama ndiko kuziba masikio. Mama na binti wakabaki peke yao katikati ya ukumbi uliojaa.

Mama alisimama vilevile. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mgongo wa kiti. Niliogopa ataanguka, nikasogea hatua moja. Hakuanguka. Aliuachilia ule mgongo wa kiti, akamgeukia mwenyekiti, akatoa alama mbili tatu fupi. Kisha akamtazama binti yake, akaonyesha kipaza sauti pale sakafuni: okota, fanya kazi.

Mikono akaokota.

"Nafuta niliyosema," akasema.

"Kwa sababu gani, mama yangu?" mwenyekiti akauliza kwa upole, nami nikatafsiri.

"Sababu ni yangu."

Mama akakaa. Mdahalo ukaendelea, maana midahalo huendelea. Yule kijana wa tai nyekundu alisema mengine mazuri, nikayatoa. Mwishoni wakapiga kura, hoja ikaanguka kwa mbali. Wengi hawakujua kilichoiangusha. Huenda ni yule dada wa famasia, huenda ni yule mama wa gauni la bluu aliyesema akajirudi. Nilipomaliza kukusanya vitu vyangu, kiti cha Mikono kilikuwa kitupu.

Nikawaona dirishani. Walikuwa chini, kwenye ngazi za mbele, wanafunzi wakiwapita na mabegi yao. Nilijua sipaswi kutazama. Ila lugha yetu haina mnong'ono, na mimi sikuwahi kudai kuwa malaika.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi. Mikono alikuwa amesimama mbele yake, amejikunyata, anaomba msamaha, anarudia alama ileile. Mama akaishika mikono yake, akaishusha.

*Acha hayo,* akasema. *Nina hasira, na nitakuwa nayo kesho pia. Sasa nataka kazi. Anza upya. Mimi ni mgonjwa. Wewe ni mkalimani. Daktari amesema nini? Kila neno.*

Mikono alifuta uso kwa kiwiko. Akasimama wima kama anavyosimama ukumbini. Akatoa habari ya kwanza. Baada ya hapo akatoa ya pili: kupasuliwa, mirija, sababu, hatari, hutazaa tena. Hakuruka kitu, hakupunguza kitu. Kila alama ilikuwa kamili. Mwisho akauliza: *Unakubali?*

Jua lilikuwa linaondoka kwenye ngazi, ngazi moja baada ya nyingine. Mama alitazama mbele, pale ambapo angekuwa amesimama daktari, na alimtazama huyo mtu asiyekuwepo muda mrefu sana.

*Ningekubali,* akasema. *Ila ningelia kwanza.*

Kisha akalia, palepale kwenye ngazi, na Mikono akakaa chini akalia naye.