Mwizi Asiye na Kamba

Jumapili, baada ya filamu juu ya wizi wa watoto, ukumbi wetu wa parokia ulichemka. Mzee mmoja alifoka kwamba filamu inauharibia mkoa wetu wa Ituri jina. Mama mmoja, mkimbizi aliyetoka Djugu, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mu filme wanafunga mutoto kamba. Wangu, hakuna mutu alimufunga. Mama wa kwaya yetu alisema atamusomesha kule Tchomia. Nilimusuka nywele miye mwenyewe, tukaomba, wakaenda. Mpaka leo sijamuona."

"Basi filme iko mubaya?" mwendesha mjadala akauliza.

"Iko muzuri. Lakini ule mwizi wa mu filme, ningemukimbia."

Mjadala ulipoisha, nilichungulia ripoti aliyoiandika mwendesha mjadala: "Wazazi wameelewa. Watajihadhari na watu wasiowajua."

Mama wa kwaya, nani asiyemjua?