Nilivyofunga Safari ya Texas kwa Ajili ya Mguu wa Silvan

Safari hii ilianza kwa ujumbe wa simu. Silvan, kiungo wa kulipwa kutoka Uswisi, aliniandikia kwamba anatundika daluga na kwamba mechi yake ya kuaga itachezwa Houston. Tiketi ya ndege aliiambatisha. Wasomaji wa Morogoro wanaonifahamu hawatashangaa. Wasionifahamu nawaambia: mimi ndiye mchua misuli mwenye stashahada. Nilikaa Texas miaka tisa. Nilipakia maboksi katika ghala moja la Mesquite, karibu na Dallas, huku nikisoma, bila mjomba wala mfadhili, mpaka nikapata cheti na kazi katika kliniki ya viungo Houston. Hapo ndipo mikono hii ilipokutana na paja la Silvan, ambalo wenzangu wawili walikuwa wameshalikatia tamaa. Baada ya hapo alicheza misimu mitatu zaidi. Mimi nikarudi nyumbani na kufungua kliniki yangu mwenyewe.

Ujumbe ulikuwa na habari mbili zaidi. Shavu la mguu wake wa kushoto lilikuwa limeshtuka mazoezini. Na bibi yake, Koko Feza, atakuwepo uwanjani.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonikalisha chini. Silvan alizaliwa Uswisi kwa baba wa huko na mama Mkongo wa Uvira. Bibi yake, ambaye kwa desturi ya kwao humwita Koko, alibaki nyuma, akaishi katika kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi, kisha akapelekwa Fort Worth. Mjukuu alipokuwa akicheza Ulaya, Koko hakuwa na televisheni. Mjukuu alipohamia Texas, Koko alikuwa kazini kila mwisho wa juma, akiwatunza wazee ambao wengine walikuwa wadogo kwake. Hakuwahi kumwona akicheza hata mara moja. Baada ya mechi hii hakutakuwa na nyingine.

Nikamjibu Silvan: nikifika utacheza dakika zote tisini. Kisha nikaenda kwa Mzee Pazi, fundi wa mabango, nikaagiza bango jipya la kliniki: MIKONO ILIYOMCHEZESHA KIUNGO WA USWISI DAKIKA TISINI. Nikamwambia aanze kuchora, nitakuta tayari.

Alhamisi mchana nilitua Dallas. Ofisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema nimekuja kushika mguu wa mtu. Aliniangalia, akaisoma barua ya mwaliko, akagonga muhuri. Nje alinisubiri binamu yangu Hashimu, ambaye bado anaishi Mesquite na sasa ni msimamizi wa zamu katika ghala lile lile. Ndiye aliyenipokea nilipofika mara ya kwanza nikiwa na begi moja lenye zipu mbovu, na jambo hilo halisahau.

"Karibu, Bwana Stashahada," alisema akifungua buti la gari. "Begi limenenepa. Wewe je, bado unajua kubeba?"

Njiani tulipita mbele ya ghala. Nilimwomba asimamishe kidogo. Milango ya kupakilia ilikuwa na namba zile zile, na mlango wangu, wa kumi na nne, ulikuwa wazi. Nilisema Alhamdulillahi kimoyomoyo, kwa kuwa ule mlango ulinitoa jasho lakini ulinilipia shule.

Ijumaa asubuhi tulifika Fort Worth, kwenye nyumba ya ghorofa anakoishi Koko Feza, ambako Silvan alikuwa amefikia. Usidhani ni karibu na Mesquite. Ni mwendo wa saa nzima, na asiye na gari huko hana miguu. Sebuleni palikuwa na akina mama sita wa kikundi cha maombi, wamefunga vilemba, na Silvan katikati yao ameketi chini kama mwali. Walikuwa wamemaliza siku ya tatu ya kufunga. Nilikaribishwa kwa heshima, nikapewa kiti, nikanawa mikono. Nilimwambia Silvan alale kifudifudi.

Mikono yangu haidanganyiki. Chini kidogo ya goti, upande wa ndani, nilikuta shimo la upana wa kidole. Nilipobonyeza pembeni yake, Silvan aliuma mto. Nikampima tena, polepole, nikitumaini nimekosea. Sijawahi kutamani kukosea kama siku ile. Nilikumbuka bango, nikakumbuka kila niliyemtambia kuanzia Kihonda, kwetu Morogoro, hadi uwanja wa ndege.

Koko Feza, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa, alisimama juu yangu. "Dokta, sema. Kesho anacheza?"

Ningeweza kulifunga plasta lile shavu la mguu, nikamwacha aingie. Angekimbia labda dakika kumi. Kisha msuli ungeachia wote, mbele ya macho ya huyu mama.

"Hapana, Koko," nilisema. "Akikimbia, msuli utachanika wote."

Mmoja wa akina mama alianza kulia. Koko alinitazama mpaka nikatazama zulia.

"Siye tumeomba siku tatu juu ya huu mguu. Weye umeomba siku ngapi?"

"Sijaomba, Koko. Mimi nimesoma miaka miwili."

Hashimu alikohoa. Lakini Koko hakukasirika. Aliketi kando ya mjukuu wake, akaweka kiganja juu ya lile shavu la mguu, akafikiri. Kisha akaanza kuniuliza kama mtu anayepatana bei sokoni. Kutembea? Anaweza, nikasema. Kusimama? Anaweza. Kupiga mpira mara moja, akiwa amesimama? Nikasema anaweza, lakini kwa mguu wa kulia, wa kushoto usiguse mpira.

Silvan aliinua uso kutoka kwenye mto. "Huo wa kulia nakanyagia mafuta tu," alisema kwa Kiswahili cha mama yake, na akina mama wote wakacheka, hata yule aliyekuwa akilia.

Jumamosi tuliondoka mapema kuelekea Houston, mwendo wa zaidi ya saa nne, Hashimu akiendesha, Koko mbele akiwa amepakata sufuria ya sombe na ndagala, yaani kisamvu na dagaa. Barabara ni pana na imenyooka hata mtu huanza kusimulia maisha yake. Silvan alisimulia yake. Alitoka mji mdogo wa milimani ambako theluji ilifunika goli mpaka Machi. Alikopeshwa kwa klabu ambazo hata majirani zake hawakuzijua. Timu ya taifa ilimwita, akavaa jezi, akakaa benchi. Magoli yake unaweza kuyahesabu kwa vidole. Koko aliuliza, sasa miaka hiyo yote walikuwa wanakulipa kwa kazi gani? Silvan akasema atamwonyesha.

Houston ilitupokea kwa joto la kunata. Mechi ilikuwa Sharpstown, uwanja ulio nyuma ya majengo ya wapangaji: vijana wa Kikongo wa Fort Worth, wakiwa na Silvan, dhidi ya Watanzania na Wakenya wa Houston. Wagonjwa wangu wa zamani watatu walikuja kunisalimu wakitembea wima, nami nikawaonyesha Hashimu mmoja mmoja. Nilimfunga Silvan plasta mwenyewe. Nilimwambia: pasi moja, kisha unatoka. Aliniambia asante kabla hajaipiga.

Mwamuzi alipuliza. Mpira ukarudishwa kwa Silvan katikati ya duara. Alisimama, akainua kichwa, akaupiga kwa ule mguu wa kulia usio na sifa. Mpira ulipita katikati ya watu wanne, chini chini, ukamkuta winga wa kushoto mguuni bila yeye kubadili hatua. Uwanja mzima uliguna kwa pamoja. Silvan akageuka, akatembea polepole mpaka kwenye kiti cha Koko, akavua jezi, akamwekea mapajani.

"Ni hii tu njo ulikuwa unafanya?" Koko aliuliza, kwa ile "njo" ya Uvira iliyo "ndiyo" yetu.

"Ni hii tu, Koko. Nawapa wengine."

Koko aliikunja jezi vizuri kama nguo ya kanisani. "Basi wewe ni mjukuu wangu kweli," alisema. Kisha akafungua sufuria, akaanza kumpakulia, na mimi wa pili.

Jumanne nilirudi Morogoro. Bango lilikuwa tayari, herufi nyekundu, limeegemezwa ukutani. Mzee Pazi aliniuliza kiungo alichezaje. Nikamweleza yote. Nikamwomba afute maneno mawili ya mwisho na kuandika mengine mawili mahali pake.

"Pasi moja?" alisema. "Bwana wewe, nani atakuja kwa pasi moja?"

Nikamwambia andika. Na wanakuja. Kila mgonjwa anauliza maana yake, nami namsimulia kama nilivyowasimulia ninyi, na nikimwambia apumzike wiki sita, anapumzika. Namshukuru Mungu, namshukuru Hashimu, naushukuru mlango wa kumi na nne. Mikono hii ilijua kuponya kabla ya safari hii. Huko Fort Worth ilijifunza kusema hapana, na hilo halimo katika stashahada yangu.