Picha ya Jikoni Iliyomkosesha Mama Mkwe Wangu Kwao

Aliyekosa ni mimi. Naanza na hilo kabisa, msije mkanionea huruma kabla hamjasikia nilichofanya.

Jina langu sitaji, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Naishi Kambarage, hapa Shinyanga mjini, nina mume na watoto wawili. Haya naandika nikiwa nimesimama, simu nimeiegesha kwenye kabati la vyombo, maana siku hizi nikikaa kidogo tu naona kama kuna mtu ananiita. Nanyanyuka, nakwenda mlangoni, hakuna mtu. Narudi. Nikishika ufagio nauacha katikati ya chumba. Jamani, dhambi inawasha!

Mume wangu, Baba Minza, anafanya kazi machimboni upande wa Geita, kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nyumbani anarudi mara moja moja. Safari moja akarudi na zawadi, simu yenye kamera kali. We! Nilirukaruka kama mtoto.

Basi kuanzia hapo nikawa mpiga picha. Kuku wa jirani nimempiga. Nguo kwenye kamba nimezipiga. Nyanya sokoni nimezipiga mpaka muuzaji akaniuliza, dada, unanunua au unachunguza? Nikaingia kwenye grupu la watu wanaopiga picha kwa simu, nikajifunza kuedit, kuongeza mwanga, kukoleza rangi. Nikishaona laiki zinapanda, hata mboga iungue mimi hainihusu.

Shule zilipofunga nikachukua watoto tukaenda kwa mama mkwe wangu, kijijini huko Kishapu.

Huyu mama hakuwahi kunifanyia baya hata moja. Nilipojifungua Minza alikuja mwenyewe, akanikanda maji ya moto, akanipikia uji, akanifulia. Wenzangu wakikaa kuwasema mama wakwe zao mimi nabaki kusikiliza tu, sina changu cha kuchangia. Ndiyo maana linaniuma zaidi.

Kwao kuni ni shida. Wanapikia miti ya pamba iliyobaki shambani na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Jiko lake liko nje, nyuma ya nyumba, mafiga matatu na kiukuta kifupi cha kukinga upepo. Moshi wa pale si wa mchezo! Mama amepikia hapo tangu alipoolewa, na macho yake ni mekundu miaka yote, yanatoka machozi hata akiwa anacheka.

Mtu wa huku kwetu akifika hapa ameshajua ninakoelekea. Kwa msio wa huku niwaambie. Usukumani mwanamke mzee mwenye macho mekundu husemwa mchawi. Moshi ndio unaoyafanya hivyo, kila mtu anauona, lakini ndivyo wanavyosema, na wapo vikongwe waliouawa kwa hilo tu. Na mimi sikushushwa na ndege. Nimezaliwa hapa hapa. Nilijua!

Jioni ile mama alikuwa anapika ugali, pembeni ameinjika nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kayaunga kwa karanga. Jua linazama, moto unawaka, moshi unapita usoni kwake. Nikachukua simu mbio.

"Mama, usisogee! Angalia huku."

"Mwanangu, ugali utashika. Na macho yananiwasha, ngoja ninawe uso kwanza."

"Hapana mama, hivyo hivyo! Hivyo hivyo ndiyo nataka!"

Akacheka, akaniangalia. Nikapiga.

Nilikaa kibarazani nikaanza kuiedit. Nilitaka moto uonekane, nikakoleza nyekundu. Moto ukawaka kweli, lakini na macho ya mama nayo yakawaka, yakawa kama makaa. Hapo nilisita. Sitawadanganya, nilisita kabisa, kidole kiko juu. Halafu nikajisemea, aah, imependeza bwana. Nikaiweka stetasi, nikaipeleka kwenye grupu la wapiga picha, na kwa kimbelembele changu nikaitupa na kwenye grupu la ukoo wa mume wangu. Chini nikaandika, "Mama na jiko lake."

Laiki hizo! Sijawahi kupata vile. Watu wa mbali wananiita msanii. Kwenye grupu la ukoo nako wakaanza.

"Mh, macho hayo!"

"Huyu bibi tukikutana naye njiani mimi nageuza."

Na mimi nikafanya nini? Nikaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nikacheka nao! Mama mwenyewe yuko hapo ananiongezea nsansa, ananiambia kula mwanangu, umekonda.

Kesho yake akanipigia wifi yangu Kabula, dada yake mume wangu, ameolewa upande wa pili wa kijiji hicho hicho.

"Wifi, itoe ile picha."

"Ipi?"

"Usijitoe ufahamu. Ya mama. Unawajua watu wa huku."

"Kabula bwana, hayo mambo ya kizamani. Watu wanaisifia."

"Wanaisifia wa kwenu huko mjini. Huku wanatumiana."

Mungu anisamehe kwa nilichomjibu. Nilimwambia kama simu yangu inamnyima usingizi, amwambie kaka yake amnunulie na yeye. Akakata simu. Na mimi nikarudi kuhesabu laiki zangu.

Tukarudi Shinyanga, maisha yakaendelea.

Haukupita muda, kijana wa jirani yake mama akafukiwa na kifusi shimoni huko Geita. Nyumba ya kina kijana huyo na ya mama zinatazamana, na huyo mtoto alikuwa akila kwa mama kuliko kwao. Mwili ukaletwa kijijini. Mama alilia msiba ule mpaka sauti ikamkauka.

Kumbe wafiwa walishakwenda kwa mganga wa ramli. Na waganga hawa wachonganishi mnawajua, hawakosi adui. Akawaambia kijana hakufa kifo cha kawaida, aliyemmaliza ni mwanamke mtu mzima na yuko karibu na nyumba. Jina hakutaja. Atalitaja la nini, na mimi nilishawatumia picha?

Kabula alinisimulia baadaye. Anasema vijana walikaa chini ya turubai wanapokezana simu. Huyu anaitazama picha, kisha ananyanyua kichwa anamtazama mama, anampa mwenzake. Mama yupo hapo hapo msibani, ameinama anaosha sufuria za kupikia waombolezaji. Hana habari!

Baada ya mazishi, asubuhi mama akatoka kwenda kuwasha moto achemshe uji. Mafiga hayapo. Yameng'olewa yote matatu na kutupwa katikati ya barabara ya kijiji. Mtu akikufanyia hivyo amekwambia wazi kwamba hapa hupiki tena, na usipoelewa atakuja kukuelewesha kwa panga.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa muungwana. Alimpigia mume wangu akamwambia, "Mje mumchukue mama yenu leo. Nisingependa kuwapigia tena kwa jambo jingine." Mume wangu yuko Geita, mbali. Akanipigia mimi.

"Nenda Kishapu kamchukue mama."

"Kuna nini Baba Minza?"

"Nenda, nimesema!"

Sijui nilifikaje. Dereva wa teksi namwambia kimbia, akikimbia namwambia polepole utatuua. Nilikuwa nimeshajua. Kabla hajaniambia mtu yeyote nilikuwa nimeshajua, nikawa natafuta ile picha kwenye simu niifute, vidole vinateleza, nafuta nyingine za watoto wangu badala yake.

Nikamkuta amekaa juu ya furushi lake mlangoni, Kabula amesimama pembeni yake na mwiko mkononi kama silaha. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeona walivyonifanyia? Mafiga yangu wamenitupia barabarani. Watoto wa watu hawa nimewapokea mimi wakizaliwa."

Kabula hakuniitikia salamu. Alinitazama tu, na bora angenipiga.

Tulimtoa mama kwa miguu mpaka lilipokuwa gari, maana dereva aligoma kusogea. Njia nzima anasalimia. "Mwadila!" anasema, salamu ya Kisukuma ya mchana. Huku kwetu salamu haikataliwi, hata kwa mtu mnayegombana. Kila mji tunaopita, "Mwadila!" Kimya. Watu wamekaa nje wanachambua maharage, wanainamisha vichwa. Mama wa yule kijana aliyekufa alipotuona aliingia ndani akafunga mlango. Mama mkwe wangu akasimama mbele ya mlango ule uliofungwa, akasalimia tena, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani hakusikika.

Ndani ya gari akaniuliza, "Nimemkosea nani mimi?"

Nikatazama dirishani. Ndiyo! Nilitazama dirishani kama sijasikia, mimi niliyekuwa na jibu mfukoni.

Mume wangu alikuja baada ya siku chache. Kabula alishamweleza yote. Nilitegemea kelele, ngumi, lolote. Alikaa kwenye kochi na vumbi la karasha kwenye nyusi, akaongea taratibu.

"Mama yangu alikwambia macho yanawasha."

"Ndiyo."

"Alikwambia anataka kunawa."

"Ndiyo Baba Minza. Nisamehe."

"Na Kabula akakwambia uitoe."

Nikaenda kumpakulia chakula. Hakula. Alikwenda kukaa na mama yake chumbani, asubuhi akaondoka kurudi Geita. Tangu siku hiyo akipiga simu anasema, "Mpe mama." Ananisalimia kwa kuwa watoto wanasikia.

Mama sasa anaishi na sisi. Mnadhani amepumzika? Thubutu! Anaamka alfajiri anazunguka uani akitafuta pa kuwasha moto. Jiko la gesi analiogopa. Hana shamba, hana kuku, hana wa rika lake wa kuongea naye Kisukuma mchana kutwa. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaangalia geti. Yeye ameketi anasubiri, mimi nimesimama nahangaika, tunapishana humo ndani kama watu waliokosa usafiri.

Nilimpeleka hospitali wakampa dawa ya matone. Kwa dawa na kwa kukaa mbali na moshi, macho yake yametakata. Wekundu haupo! Yaani ni hilo tu ndilo lililokuwa tatizo lake maisha yote, moshi na kukosa matone ya dawa.

Juzi juzi nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta uani nikakaa chini miguuni kwake nikamwambia yote. Picha, rangi niliyoongeza, vicheko, Kabula, kila kitu. Nililia mpaka nikawa nakohoa. Nilikuwa nasubiri anilaani.

Akauliza, "Bado imo humo kwenye simu?"

"Nimeifuta mama."

"Sasa kama umeifuta, mbona hawaniiti nirudi?"

Jamani! Nimwelezeje? Nikamwambia wengine walishaihifadhi kwenye simu zao, mimi siwezi kuifuta huko. Akafikiri. Akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba kimekaa vizuri. Akakaa kwenye ile ndoo, akanyoosha mgongo.

"Haya, nipige nyingine. Macho yangu yamepona. Watumie wote wale wale, waone kwamba siyo mimi."

Nilimpiga. Nikarudia mara nyingi. Sikuongeza rangi wala sikupunguza. Nikaituma kule kule, na kwa Kabula, na kwa kila niliyemkumbuka. Mama amekaa ananitazama kwa matumaini kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani.

Wenye stetasi wenzangu mnaonisoma, mnaokwenda likizo vijijini na simu zenu kali, nawaomba kwa magoti. Mzee akikwambia ngoja ninawe, mwache anawe. Akikwambia sitaki, weka simu chini ule ugali. Unajua kabisa watu wa kijijini kwenu wanaogopa nini na wanamuua nani kwa hofu hiyo. Usijifanye umesahau kwa sababu umehamia mjini. Na ndugu yako akikupigia kukuonya, usimwambie ana wivu! Wewe utarudi kwako, yule mzee atabaki pale na majirani walioiona.

Sasa hivi nasikia ndoo inaburuzwa uani, ameamka. Kila asubuhi ananiuliza, "Wamejibu?" Namwambia bado mama, mtandao unasumbua, na yeye anasema basi tusubiri.

Walijibu siku ile ile. Waliandika, "Huyo mganga wa mjini aliyemsafisha macho ni kiboko, lakini bibi huyo sisi tunamjua."