Kiyoyozi cha Baba Elsie

Griffins Oyugi, au Baba Elsie, dereva wa teksi wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, alikuwa na mkono wa birika kwa jambo moja tu: petroli. Chakula hakumnyima mtu, kanisani alitoa, na jirani akifiwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Lakini ukimgusa mafuta ya kile kigari chake cha kijivu, umemgusa mboni ya jicho.

Wenzake pale stendi walimtania kwamba gari lake linakula hewa. Yeye aliwajibu kwa mafundisho. Kiyoyozi, alisema, kinazungushwa na injini, na injini ndogo ikibebeshwa mzigo huo kwenye foleni ya Kondele itakunywa kama mlevi anayelipiwa. Tena ukitoka mjini ukakimbia madirisha yakiwa wazi, upepo unalivuta gari nyuma, na mafuta yanakwenda vilevile. Dawa yake basi ilikuwa kuzima kiyoyozi na kufunga madirisha, akiacha upenyo wa kidole. Elimu yenyewe haikuwa mbaya, ila aliitumia nusu, maana huyohuyo Griffins alijua fika kwamba kwenye barabara kuu, gari likishachanganya mwendo, kiyoyozi hakili kiasi cha kumtia mtu kilio.

Abiria wa Milimani, mtaa wa matajiri, walipolalamikia joto, aliwaambia AC imekufa. Aliwaambia kwa huzuni hasa, mpaka wengine wakampa pole. Uongo huo aliuzoea hata akaingia nao nyumbani, na mkewe Winny akauamini. Winny naye, katika kupiga simu kwao karibu na Kendu Bay, akamsimulia mama yake.

Februari ile, jua likiwaka bila huruma, mama yake Winny, Mama Dorca, alikuja Kisumu kliniki kwa ajili ya presha. Alilala kwa dada yake, mtaani Nyalenda, kwa sababu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Daktari alimwonya asikae kwenye joto. Winny alikuwa na nguo za harusi za kushona, hakuweza kuondoka, akamwomba mumewe amrudishe mama nyumbani kwa gari. Griffins akakubali kwa moyo mmoja. Alimheshimu sana mama yule.

Na hapo ndipo pagumu, maana Wajaluo na wakwe wao huheshimiana mpaka heshima yenyewe inachosha. Mama Dorca alikaa kiti cha nyuma, amevaa koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Kitambaa hakingeweza kuvuliwa mbele ya mkwe. Koti pia. Na kuomba chochote, hata dirisha lishushwe, lilikuwa jambo ambalo mama wa umri wake asingelifanya hata akiwa anachomwa.

Walipopita Ahero, joto la tambarare ya Kano likaingia garini likakaa. Griffins alitazama kwenye kioo, akaona jasho linamtiririka mama shingoni. Mkono wake ulienda kwenye kitufe cha kiyoyozi, ukarudi. Mafuta hakuyafikiria tena. Alifikiria akibonyeza na baridi ikatoka, atamweleza nini? Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukingoni.

Akauliza, "Mama, uko sawa?"

"Niko sawa, Baba Elsie. Wewe endesha tu."

Mama mkwe gani angejibu vingine? Griffins alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini akalishika jibu lile, akaendesha.

Walikuwa wamepita Katito aliposikia mkoba umeanguka. Kichwa cha Mama Dorca kilikuwa kimelalia dirisha, mdomo wazi. Griffins akasimamisha gari kando ya barabara akaita, akaita tena. Kumshika hakuthubutu, na hata hilo la kutothubutu lilimuumiza baadaye. Akabonyeza kitufe. Kile kiyoyozi alichokizika mara mia kikapumua baridi safi, bila hata kukohoa. Akafungua chupa ya maji, akaloweka leso yake, mwisho akasahau ukwe, akamwekea kwenye paji la uso.

Mama Dorca akafumbua macho. Jambo la kwanza alilofanya ni kupapasa kitambaa chake, akakinyoosha. Kisha akageuza uso kuelekea kule baridi ilikotoka, akatulia hapo.

"Kumbe iko," alisema polepole.

"Iko, Mama."

Mama akauokota mkoba wake, akaurudisha mapajani. Griffins alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na gari. Waliendelea na safari, gari likiwa na ubaridi mzuri, na kila alipotupia jicho mshale wa mafuta aliona uko palepale, kama unamcheka.

Nyumbani walikuta kuku ameshachinjwa kwa heshima ya mkwe. Shemeji zake na wazee wakauliza habari za njia. Griffins akainamisha kichwa, akingoja hukumu.

"Njia nzuri," Mama Dorca akasema. "Baba Elsie alitengeneza AC kwa sababu yangu. Nimekuja kama mtu wa Milimani."

Wakamshukuru, wakamsifu, wakamwongezea mchuzi. Laiti mama angemgombeza, angalau angepata la kujitetea. Hajawahi kuona aibu kama ile, ya kusifiwa na mtu uliyekaribia kumuua.

Tangu siku hiyo anawawashia abiria wote, hata wasioomba. Siku ya kliniki iliyofuata ilipofika, aliamka mapema akaosha gari ndani na nje, tayari kwenda Kendu Bay. Akamkuta Winny ndiyo kwanza anaweka simu chini, amekunja uso. Mama alikuwa njiani tayari, amepanda matatu.

"Kila Jumapili mama anakusifu kanisani kwa hiyo AC uliyomtengenezea," Winny akasema. "Sasa mbona amekataa kabisa umchukue? Ati hataki kukumalizia mafuta."

Griffins akainama kufunga kamba za viatu. Alipomaliza akazifungua, akazifunga tena.