Ejo ya Mama

Mama alipopatwa na kiharusi, kilichomtoka kwanza ni Kiswahili. Nilikuwa nimemleta Tanga kutoka Kasulu baada ya Baba kufariki, nikampa chumba cha mbele ili aone watu wakipita na baiskeli zao. Asubuhi moja nikampelekea chai, akanijibu kwa Kiha. Nikadhani ananitania. Hadi mchana, Kiha kitupu. Daktari alisema wapo wagonjwa wanaobaki na lugha ya utotoni tu, kisha akaonya kwamba safari ya basi hadi kwetu mtu asiifikirie kabisa, Mama hataimaliza akiwa hai.

Tatizo ni kwamba mimi Kiha sikijui. Baba alikuwa mtu wa Tanga aliyefungua duka la vitambaa Kasulu, na nyumbani kwake hakutaka kusikia lugha nyingine ila Kiswahili, tena cha kwao. Mama alitii, lakini kwa lafudhi yake. "Haya, mukarare," alituambia usiku, yaani mkalale, na Baba alicheka mpaka akajifuta machozi. Kiha nilikisikia sokoni, kikipita juu ya kichwa changu kama redio ya jirani.

Tanga ina ukarimu, na ukarimu wake una kelele. Habari zilienea mtaa mzima kabla hatujarudi kutoka hospitali. Wakaja na uji wa pilipili manga, na mkate wa kumimina, na samaki wa kupaka. Wakamwombea dua, kisha wakamsemesha kwa sauti ya juu utadhani ameugua masikio. "Bibi, waonaje hali? Kula japo kidogo, bibi." Mama aliwatazama kwa adabu, hakuelewa kitu. Zile sauti zilinikera sana, na siku chache baadaye nikajikuta na mimi napaza yangu.

Nikatafuta wa kunitafsiria. Waha walikuja Tanga zamani kukata mkonge, wengi wakabaki, kwa hiyo niliona sitakosa mtu. Nikampata fundi baiskeli ambaye mtaani kwake wanamwita Muha. Alipoingia alitoa salamu ya Kiha, Mama akachangamka, maneno yakamtoka mfululizo. Fundi akanigeukia, amefadhaika.

"Dada, mie naishia hapo hapo kwenye salamu. Aliyekijua ni babu."

Alikunywa chai akaaga. Mama aliendelea kumwuliza mambo mpaka alipotoka mlangoni. Nilitamani kumchukia yule fundi lakini sikuwa na haki hiyo, maana hata salamu yake mimi sikuwa nayo.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya maana. Muhira ni nyumbani. Ejo ni kesho. Na bahati mbaya, hayo ndiyo Mama aliyoyashikilia. Kila asubuhi alinikamata kwa mkono wake uliobaki mzima, akauliza, "Muhira? Ejo?" Mwanzoni nilimweleza habari za daktari, na basi, na urefu wa njia. Alisubiri nimalize, akauliza tena. Halafu akaanza kukataa chakula. Hapo nikaogopa kweli.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima aliyewauguza wazazi wake wote, alinikuta jikoni nalia.

"Ya nini kubishana na mgonjwa, mwanangu? Mwitikie. Mwambie ndiyo, kesho."

Nikarudi chumbani, nikapiga magoti kando ya kitanda. "Ndiyo, Mama. Muhira. Ejo."

Alinitazama kwa muda. Akatazama kuta, akatazama dirisha, uso ukalegea. Akala uji wote. Nilifurahi kama mtoto, nikakimbia kumpa jirani habari.

Niliporudi, Mama alikuwa anavuta kitenge chake kizuri. Nikamvalisha. Akanionyesha mlango, nikaufungua, nikamweka kitini akiwa ameuelekea. Akaanza kupiga makofi polepole, ule mkono mzima ukiugonga ule uliolala mapajani, kama wanawake wa Kiha wanavyopiga wakisalimiana na mgeni. Alipiga, akasubiri aitikiwe. Baiskeli zikapita. Akapiga tena.

Kisha akanigeukia, akauliza neno moja, taratibu, ili hata mimi nielewe: "Abhantu?" Watu?

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililowahi kulisikia sokoni Kasulu. Kwa Waha ejo ni kesho, na ejo hiyo hiyo ni jana. Ukitaka kujua ni ipi, sikiliza maneno yanayoandamana nayo, na mimi sikuwa nimeiandamanisha na lolote. Mama hakuelewa kwamba tutaondoka kesho. Alielewa kwamba tulifika jana. Yuko kwao, amevaa, mlango uko wazi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kumwona.

Nilitaka kumwambia si jana, Mama, ni kesho. Nikafungua mdomo, na neno nililokuwa nalo lilikuwa ni hilo hilo.